Mbwa na paka wetu wamenenepa mno, nianzie wapi kuwapunguza? (Mtwara)

BintiShangani:

Habari zenu wana jukwaa, salamu kutoka Mtwara kuchele. Niko mjini, Shangani. Nyumbani tuna mbwa dume chotara anaitwa Bosi, na paka jike anaitwa Nunu. Bosi alihasiwa akiwa mdogo, na Nunu alifungwa kizazi baada ya uzao wake wa pili. Wote wawili ni wazima, wanakula vizuri, na tatizo langu liko hapo hapo kwenye kula.

Nyumba yetu ina watu wengi. Yupo mama mkwe, mimi na mume wangu, watoto watatu, shemeji anayesoma chuo, na mlinzi anayekuja usiku. Mimi nakaanga samaki jioni kwa ajili ya kuuza, hivyo vichwa na mapezi Nunu anavijua kabla havijapoa. Mama mkwe anabangua korosho barazani, na vipande vilivyovunjika anampa Bosi. Ukoko wa wali wa nazi ni wa Bosi pia, hilo ni jambo lililozoeleka tangu nilipoolewa hapa. Watoto wakiacha uji, Bosi. Mlinzi akifungua andazi lake saa nane usiku, Bosi yuko miguuni pake. Halafu jioni kuna chakula chake rasmi, ugali na dagaa, sufuria nzima.

Zamani mtu alikuwa hajagusa geti Bosi ameshafika. Siku hizi anabweka akiwa amelala. Akizunguka nyumba mara moja anatweta ulimi nje, hata asubuhi kabla jua halijawa kali. Nunu naye hapandi ukutani tena. Mgongoni karibu na mkia manyoya yameshikana na yanatoa mba, kwa sababu akijipinda kujilamba hafiki. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana paka ni kiumbe msafi na yeye anataka kujisafisha, mwili unamkatalia.

Majirani wananisifu kuwa wanyama wangu wananawiri. Mimi naona wanateseka. Nataka wapungue bila kuumia. Naomba kujua nitajuaje kama kweli wamezidi, niwape chakula gani kwa hali ya kawaida ya Mtwara (chakula cha dukani ni ghali na mara nyingine hakipatikani), na je, paka anaweza kushindishwa njaa? Mama mkwe anasema paka akinyimwa atakwenda kuwinda panya mwenyewe. Natanguliza shukrani.

---

MzeeWaNachingwea:

Binti, hujambo. Kwetu huku mbwa mnene humwoni. Mbwa anakula ugali wa muhogo na dagaa mara moja, magharibi, na asubuhi anakwenda shamba na mwenyewe. Huyo wako anafungiwa ndani ya geti na kula mchana kutwa. Mtoe atembee.

Paka mfungie chumbani siku tatu na maji tu. Atapungua, na panya atawaona tena. Ndivyo tulivyofanya siku zote.

---

DaktariMifugo_Masasi:

Shikamoo mzee wangu. La mbwa kutoka na kutembea naliunga mkono lote. La paka naomba kwa heshima nilipinge, na dada wa Shangani nakuomba usilifanye hata kwa siku mbili.

Paka mnene anapokaa bila kula, mwili wake unaanza kuvunja mafuta kwa kasi na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka haliwezi kuyachakata yote kwa pamoja. Linajaa mafuta, linavimba, linashindwa kazi. Ndani ya siku chache unamwona anadondosha mate, anatapika, ufizi na weupe wa macho vinageuka njano, na sasa hata ukimwekea samaki anageuza uso. Ikifika hapo kumwokoa ni kazi kubwa, kunahitaji kumlisha kwa mpira kwa wiki nyingi, na wengi hufa. Paka mwembamba wa shambani anaweza kustahimili siku bila kula. Mnene ndiye anayekufa haraka, ingawa watu hudhani ana akiba. Kwa hiyo weka sheria hii nyumbani: Nunu asipokula kabisa kwa siku nzima, ni taarifa kwa mtaalamu, si mafanikio ya kupunguza uzito.

Na la panya: paka aliyeshiba huwinda pia. Kuwinda kumo katika damu yake na hakungoji njaa. Anayeshindwa kuwinda ni yule aliyekuwa mzito kiasi cha kutoruka, na huyo ndiye Nunu wa leo.

Sasa tuje kwenye kujua kama wamezidi. Macho ya watu wa nyumbani yanazoea, kwa hiyo tumia mikono. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono mwingine juu ya vifundo vyake. Ukigusa mbavu za mnyama na zikajisikia hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, pitisha vidole juu ya mgongo wa mkono: mbavu zikijisikia hivyo, yuko vizuri. Geuza kiganja, bonyeza ile nyama iliyo chini ya kidole gumba: kama mbavu zinatafutwa namna hiyo, amenenepa. Halafu msimamie juu umtazame mgongoni. Lazima kuwe na kiuno nyuma ya mbavu. Mtazame ubavuni: tumbo linatakiwa lipande kuelekea mapajani. Sisi tunatumia kipimo cha alama 1 hadi 9, na pazuri ni 4 au 5. Kila alama moja juu ya 5 ni takribani asilimia 10 ya uzito uliozidi.

Tahadhari moja, kwa sababu nimeona watu wakimnyima chakula mnyama ambaye si mnene. Tumbo kubwa huku mgongo na mbavu vimechongoka huweza kuwa minyoo, hasa kwa mtoto wa mbwa, au maji tumboni, au mimba kwa jike ambaye hajafungwa. Na mbwa anayenenepa wakati chakula chake ni kidogo, analegea, manyoya yanapukutika ubavuni, huyo apimwe, huenda ni tezi ya shingoni. Bosi kwa maelezo yako ana sababu zinazoonekana kwa macho, lakini mpeleke aangaliwe moyo na viungo kabla ya kuanza. Mtwara mjini wataalamu wapo, anza na afisa mifugo wa kata yako akuelekeze.

Kuhasiwa kuna mchango wake. Baada ya kufungwa kizazi mahitaji ya nishati hushuka, mara nyingi kwa robo hivi, na hamu ya kula hupanda. Hilo lisimfanye mtu aache kuhasi, maana faida zake ni kubwa na mitaa yetu ina watoto wa mbwa na paka wasio na mwenyewe. Ni chakula tu ndicho kinachotakiwa kupunguzwa kuanzia wiki ile ile ya upasuaji.

Wapime uzito kwanza, uniletee namba hapa. Nitakupigia hesabu.

---

KijanaWaTandahimba:

Kwa kupima: paka muweke kwenye kikapu chenye mfuniko, kitundike kwenye mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, kisha toa uzito wa kikapu. Mbwa wa kubebeka, panda naye kwenye mizani ya bafuni, halafu panda peke yako, toa. Mbwa mkubwa mpeleke kwenye mizani ya korosho ya chama cha msingi (ushirika wa wakulima) nje ya msimu, ukiomba vizuri wanakubali. Sisi wetu alikaa juu yake kwa kuitwa tu. Tumia mizani ile ile kila mara, maana mizani mbili hazikubaliani.

---

MamaWaMitwero:

Dada wa Shangani, nakuandikia kutoka Lindi, na nimelipitia hili na mbwa wangu jike. Daktari atakupa gramu, mimi nikueleze upande wa watu, kwa sababu kwetu hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Nyumba yenye watu wanane haina bakuli moja la mbwa, ina mabakuli manane. Kila mmoja anatoa kidogo na kila mmoja anasema kweli kwamba ametoa kidogo. Mimi nilianza kwa kuomba kila mtu, kwa siku chache tu, chochote anachotaka kumpa mbwa akidumbukize kwenye kopo la rangi lililo jikoni, na mbwa apewe kutoka humo jioni. Sikumkataza mtu. Jioni ya kwanza lile kopo lilisema lenyewe: vipande vya chapati, mihogo, ngozi ya kuku, nusu andazi, chicha ya nazi. Baba watoto alilitazama, akatazama na sufuria ya ugali iliyokuwa ikisubiri pembeni, akanyamaza. Baada ya hapo sikuhitaji kubishana.

Mzee wa nyumbani usimnyang'anye furaha ya kumpa mbwa kitu. Mama mkwe wako anapompa Bosi korosho anampa upendo, na Bosi anaufahamu. Mbadilishie kitu cha mkononi. Mimi mama yangu nilimpa kibakuli cha boga la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo, nikamwambia mama, hiki ndicho cha kumpa, ni chako wewe peke yako kumpa. Aliona ni heshima, na mbwa akaendelea kukaa miguuni pake vile vile. Watoto nao wape kazi ya kumtembeza na kuandika uzito ukutani kwa mkaa. Mtoto aliyeandika mwenyewe namba ikishuka ndiye mlinzi mkali kuliko wote.

Jiandae na Ramadhani. Futari inabaki, magimbi na mihogo ya nazi, tambi, na kila mtu ana huruma. Ule mwezi mmoja unaweza kurudisha kazi ya miezi mitatu. Na majirani nenda ukawaambie kuhusu Nunu, nyumba kwa nyumba, hasa palipo na jiko la samaki. Sema ni mgonjwa na daktari amemkataza. Watu wa pwani wakiambiwa mgonjwa wanaelewa.

---

BintiShangani:

Mama wa Mitwero, Mungu akubariki. Nimesoma hili la makopo kwa mume wangu kwa sauti.

Dokta, Bosi ni kilo 34. Mbavu zake nimezitafuta kwa kubonyeza, kiuno hakuna, juu ya mkia kuna pedi ya mafuta. Nunu ni kilo 6, mbavu sizipati kirahisi, na tumbo linaning'inia na kuyumba akitembea. Mtaalamu aliyewaangalia amesema moyo wa Bosi hauna tatizo, ila goti la nyuma la kulia linamsumbua. Nunu hana kisukari. Wote amewapa alama 8.

Maswali: korosho ni sumu kwa mbwa? Na samaki peke yake inamtosha Nunu?

---

DaktariMifugo_Masasi:

Vizuri sana dada, sasa tuna pa kushika.

Alama 8 ina maana wamezidi kwa asilimia 30 hivi. Bosi uzito wake wa haki ni kama kilo 26, na Nunu kama kilo 4.6. Tunalisha kwa uzito tunaoutaka, hatulishi kwa uzito uliopo.

Bosi kwa kilo 26 anahitaji kuanza na takribani kalori 800 kwa siku. Angalia hizo kalori zinavyokwisha haraka. Korosho gramu 100 zina zaidi ya kalori 550. Kiganja kimoja cha mama mkwe, gramu 30 hivi, ni kalori 165, yaani sehemu ya tano ya chakula cha siku nzima kabla hajakaribia sufuria. Nazi nayo gramu 100 za nyama yake ni kalori 350 na zaidi, na ukoko wa wali wa nazi umelowa humo humo. Mafuta yana nishati zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule, ndiyo maana ugali peke yake hulaumiwa kuliko inavyostahili.

Korosho si sumu kwa mbwa. Ila ni mafuta, na mbwa mnene akila mafuta mengi kwa mkupuo kongosho lake huweza kuvimba, akatapika na kujikunja kwa maumivu ya tumbo, na hilo linaua. Zenye chumvi asipewe kabisa. Korosho ghafi na maganda yake yawe mbali naye, mafuta ya ganda yanababua mdomo kama yanavyobabua mikono ya wabanguaji. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu msimu wa korosho kwetu huangukia miezi ya joto kali, Novemba na Desemba. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kutweta, na safu ya mafuta inamzuia kutoa joto. Kwa hiyo miezi anayolishwa mafuta zaidi ndiyo miezi ambayo mafuta hayo ni hatari zaidi kwake.

Chakula cha Bosi kwa siku: unga wa mahindi gramu 100, upimwe mkavu kabla ya kusonga, dagaa wakavu gramu 80, yai moja la kuchemsha, na boga au mchicha wa kuchemsha kwa wingi ili tumbo lijae. Dagaa waloweke na kumwaga maji ya kwanza wapunguze chumvi na mchanga, kisha wachemshe. Usiweke mafuta, nazi wala kitunguu. Mchuzi uliobaki wenye vitunguu mnyime hata kama hajanenepa, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na ya paka zaidi. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Hapo utakuwa umebaki na kalori kama 70 au 80 za vitu vya mkononi, na hicho ndicho kibakuli cha boga cha mama mkwe. Akisisitiza korosho, punje nne au tano zisizo na chumvi, zihesabiwe, basi.

Nunu anahitaji kalori kama 175 kwa siku. Samaki peke yake haimtoshi, ingawa yeye angekubaliana na wewe kuwa inatosha. Paka ni mla nyama wa kuzaliwa na ana vitu ambavyo mwili wake hauwezi kujitengenezea, kimojawapo kinaitwa taurini, akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Samaki wa mafuta kila siku, kama jodari, humletea uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya mwili. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachovunja vitamini B1, kwa hiyo mchemshie. Mimi ningefanya hivi: chakula kikavu cha paka cha dukani gramu 25, ambacho kwa kiasi hicho hakitakufilisi, na gramu 75 za kuku asiye na ngozi au samaki mweupe wa kuchemsha, pamoja na maji yake kidogo kwa sababu taurini huyeyukia humo. Ini la kuku kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Chakula cha mbwa usimpe kama mbadala. Vichwa vya kukaanga ndiyo mwisho wake, hapo sina huruma.

Mgawie mara nne, kidogo kidogo. Kile kikavu usikiweke bakulini, kitawanye kwenye ngazi na juu ya viti ili akitafute. Na mabadiliko yaende taratibu kwa siku saba hadi kumi, ukichanganya la zamani na jipya, ili asije akagoma kula tukarudi kwenye lile la ini.

Bosi kwa goti lile asikimbizwe. Mtoe alfajiri, dakika kumi kwenye mchanga mgumu karibu na maji wakati bahari imetoka, kisha jioni tena, uongeze dakika chache kila wiki. Mchanga laini unavuta goti. Saa tano za asubuhi asikanyage lami. Akipenda kuingia majini mwache aogelee, maji yanabeba uzito wake, ila chukua maji baridi ya kunywa ili asinywe ya bahari.

Mpime Bosi kila baada ya wiki mbili. Ashuke asilimia 1 hadi 2 kwa wiki, yaani gramu 340 hadi 680. Nunu ashuke polepole zaidi, gramu 30 hadi 60 kwa wiki. Ukitazama hesabu hiyo, Bosi anahitaji kama miezi mitatu hadi sita, na Nunu karibu miezi sita au zaidi, na hakuna njia ya mkato iliyo salama. Namba isiposhuka baada ya wiki tatu na kopo la jikoni ni safi, punguza chakula kwa sehemu ya kumi. Ikishuka kwa kasi kuliko hapo, ongeza.

Na kwa mume wako, kama bado anaona tunamdhulumu mbwa: Marekani walifuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, wa mzao mmoja wakigawanywa wawili wawili, mmoja akila pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafika wakiwa wamechelewa.

---

MzeeWaNachingwea:

Dokta, marahaba. La ini sikulijua, nimelipokea. Binti, usimfungie paka.

---

BintiShangani:

Asante mzee wangu, asante dokta. Mama mkwe amekubali boga, ila ameuliza kama ming'oko (vile viazi pori vya kwetu) ya kuchemsha inaweza kuingia kwenye kibakuli chake siku boga likikosekana.

---

DaktariMifugo_Masasi:

Inaweza, ikiwa imeiva vizuri, imemenywa na haina chumvi. Ila ming'oko ni wanga, si kama boga. Vipande viwili vidogo, na siku hiyo unga upungue gramu 10.